"Wewe ni mtoto wa nani?" Picha ina jibu

INGIA katika nyumba mojawapo mjini Oyugis, Kaunti ya Homa Bay, ukaribishwe kiti. Kabla chai haijaletwa, macho yako yatakuwa yamekwisha kuusoma ukuta. Kuna kalenda ya kanisa, picha ya harusi ya wenye nyumba, babu na suti yake, na kifungua mimba siku ya ubatizo. Ukuta huo humweleza mgeni nani ni wa nani.

Sasa mtazame mtoto aliyeletwa hapo juzi baada ya kufiwa na wazazi. Anakula sahani moja na wenzake, anavaa sare kama yao na siku ya ibada huenda nao kanisani. Lakini ukutani hayumo. Hana hata picha moja ya mamake. Wenzake wakimuuliza kwa Kijaluo, "In nyathi ng'a?", yaani wewe ni mtoto wa nani, hutazama chini.

Mpenzi msomaji, huenda ukasema hilo ni jambo dogo, mradi mtoto ameshiba. Si dogo. Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mtoto huyu hakuiacha asili yake. Amekosa tu mtu wa kumwonyesha.

Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na Ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 19.6 ya watu wazima katika kaunti hiyo walikuwa wakiishi na virusi, yaani karibu mmoja kati ya watano. Ingawa dawa zimeokoa maisha ya wengi, miaka ya nyuma iliacha mayatima tele, na waliowabeba ni nyanya, mashangazi na waumini wenzao.

Akina mama wa Uganda walitangulia

Ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda, wanawake walioishi na virusi walilitambua tatizo hili mapema. Katika miaka ya 1990, dawa zikiwa bado hazipatikani kwa maskini, wanachama wa NACWOLA, chama ambacho Beatrice Were alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, walianza kuwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Wazo lilitokana na vitabu ambavyo wafanyakazi wa ustawi wa jamii nchini Uingereza waliwatengenezea watoto wa kuasiliwa na wale walio katika malezi ya kambo.

Mama aliandika siku mtoto alipozaliwa, ukoo wa babake, imani ya familia na mambo aliyompendea mwanawe. Palipokuwa na picha, ilibandikwa. Kazi hiyo iliwapa akina mama wengi ujasiri wa kuwaambia watoto ukweli kuhusu ugonjwa, na kupanga mapema nani atawalea.

Nchini Afrika Kusini, Philippe Denis, padri wa shirika la Wadominiko na mwanahistoria wa kanisa, alianzisha kazi ya masanduku ya kumbukumbu mjini Pietermaritzburg kupitia kituo cha Sinomlando. Ndani ya sanduku mliwekwa hadithi ya familia, picha na vitu vya marehemu.

Picha inayojenga na inayobomoa

Hata hivyo, kamera ni kama kisu. Humsaidia au kumkata aliye mbele yake. Huko New Mexico, Marekani, mwaka 2001 wapiga picha walijitolea kuwapiga picha nzuri watoto waliokuwa wakingoja wazazi wa kuwaasili, zikatundikwa katika maonyesho yaliyoitwa Heart Gallery. Mtindo huo ukaenea katika majimbo mengine.

Hapa kwetu njia ni nyingine. Kuasili hukamilishwa na Mahakama Kuu, na malezi ya kambo hupitia kwa maafisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inalinda faragha ya mtoto. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Makanisa nayo yajichunguze. Mara ngapi yatima amesimamishwa mbele ya wafadhili na gunia la unga, akaambiwa atabasamu, kisha picha ikasafiri duniani na yeye asibaki na nakala? Waraka wa Yakobo unaohimiza kuwatunza mayatima haukutaja kuwatangaza.

Kanisa lifanye nini?

Huduma yenyewe haihitaji fedha nyingi. Kijana wa kwaya mwenye simu nzuri anatosha. Kwanza, mtoto aulizwe kama anataka kupigwa picha, na mlezi wake akubali. Apigwe akiwa na familia nzima siku anayopokewa, siku ya ubatizo au ya kuwekwa wakfu, na siku ya kwanza ya shule.

Pili, apelekwe kwao akapigwe picha kwenye boma la wazazi, kwenye makaburi yao, na pamoja na nyanya angali hai. Jamaa waombwe picha za zamani za marehemu ili zitolewe nakala.

Tatu, picha zitolewe kwenye karatasi, kwa maana simu hupotea. Nyuma yaandikwe majina, mahali na tarehe. Albamu iwe mali ya mtoto, na nakala ihifadhiwe na mlezi. Akihamishwa, aondoke nayo.

Kazi hii itazidi kuhitajika. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unanuia kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia. Watakaofika bila hata picha moja hawatakosekana.

Basi, wewe unayelea mtoto asiye wa tumbo lako, tazama ukuta wako leo. Ikiwa hayumo, mwite, mkaribishe katikati, mpige picha pamoja. Itundike palepale mgeni atakapoiona kabla ya chai. Siku atakapoulizwa ni mtoto wa nani, atanyosha kidole kwanza kwenye picha ya mamake, kisha kwenye yenu.