Nani Humhesabu Aliyefia Shambani?

Mwaka 2023, katika kila wafanyakazi 100,000 wa jimbo la Wyoming, Marekani, 16 walikufa kwa majeraha ya kazini. Kwa nchi nzima kiwango kilikuwa 3.5. Si kwamba watu wa Wyoming ni wazembe. Riziki yao ni ng'ombe, migodi, visima vya mafuta na malori ya safari ndefu, na anayeumia huko yuko mbali na hospitali. Tena vifo vyenyewe vilikuwa 45. Penye watu wachache, ajali mbili tatu tu hupandisha kiwango.

Kwetu Manyara, vifo vya kazini vikitajwa, wengi hukumbuka Mererani: mwaka 1998, na tena Machi 2008, mafuriko yaliingia mashimo ya tanzanaiti na kuua makumi ya wanaapolo, yaani wachimbaji. Habari hizo zilisambaa nchi nzima. Lakini Haydom, upande wa pili wa mkoa, watu wanalima mahindi, wanachunga, wanachimba mchanga. Anayekanyagwa na gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe uliosheheni magunia husemwa kapata ajali, basi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi 2015, hauna habari zake, maana hana mwajiri wa kumchangia.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, kulinganisha mikoa kwa takwimu za walioajiriwa ni kulinganisha madaftari.

Haydom yenyewe ina funzo hapa. Miaka ya 1990, Mbulu na Hanang zikiwa bado mkoa wa Arusha, watafiti walitaka kujua vifo vya uzazi. Hospitali ya Kilutheri, iliyopo tangu 1955, hupokea mahututi kutoka mbali, na anayefia nyumbani haifikii kabisa. Daftari lake peke yake lingepotosha. Wakawauliza watu wazima kuhusu dada zao: wangapi walifikia umri wa kuzaa, wangapi wamefariki, na kati yao wangapi walikuwa wajawazito, wakijifungua au wametoka kujifungua. Njia hiyo hueleza zaidi miaka iliyopita kuliko mwaka huu, lakini ndugu hasahau msiba.

Kwa vifo vya kazini, swali kama hilo ni gumu kidogo. Aliyeteleza akiteka maji, je? Wanatakwimu wa kazi duniani walikubaliana mwaka 2013 kwamba hiyo nayo ni kazi.

Waganga wa zahanati na watendaji wa vijiji, mnapoandika kifo cha ajali, ulizeni pia: marehemu alikuwa akifanya nini alipoumia?