Kuchagua Chuo cha Ndege

Bwenini twabishana sana juu ya vyuo vya ndege. Wengine husifu Nairobi kwa dansi na mpira. Wengine hutaja Soroti, Uganda, ambako Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha marubani mwaka 1971. Mimi nahesabu kwanza. Baba huvuna kahawa Mbinga mara moja kwa mwaka, mama huuza dagaa Mbamba Bay, na ada haingoji mavuno. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, Dar es Salaam, hufundisha ufundi wa ndege, na shangazi yangu anakaa karibu. Marafiki ni lazima, maana mpweke hasomi vema. Lakini kabla ya kuuliza raha ya chuo, tuulize nani atailipia.