Jasusi, kachero na fuko

NILIFUNGA ukurasa wa mwisho wa Smiley's People Jumapili usiku, saa saba kasoro, nyumba nzima ikiwa imelala. Hicho kilikuwa kitabu cha tatu. Nilianza na Tinker Tailor Soldier Spy cha 1974, nikaingia The Honourable Schoolboy cha 1977, kisha hiki cha 1979. Mwandishi ni John le Carré, jina la kubuni la David Cornwell, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi ya ujasusi mwenyewe kabla ya kuiacha akaandika. Wakenya wengi wanamjua kwa The Constant Gardener, riwaya ya 2001 ambayo matukio yake mengi yako hapa kwetu. Lakini mimi nilimtaka yule wa zamani, wa Vita Baridi.

Nilitarajia risasi. Kwani riwaya za upelelezi tulizolelewa nazo si zina risasi? Willy Gamba wa marehemu Elvis Musiba alitoka katika Kufa na Kupona mwaka huohuo wa 1974, akatumwa hapa Nairobi, na alipofika hakukaa kitini. Gamba ni kijana, mtanashati, mwepesi wa ngumi. George Smiley ni mzee mnene mwenye miwani anayoipangusa kwa ncha ya tai. Mkewe hatulii nyumbani. Kazi yake kubwa katika vitabu vyote vitatu ni kusoma mafaili na kusikiliza watu.

Hebu tuanze na hilo jina la kazi yake, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Smiley ni nani kwa Kiswahili? Mpelelezi? Kachero? Jasusi?

Neno ‘mpelelezi’ ni pana mno. Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale, ni mpelelezi, na afisa wa Idara ya Upelelezi wa Jinai anayetafuta mwizi wa ng'ombe naye ni mpelelezi. Anayepeleleza anatafuta ukweli wa jambo lililokwisha kutendeka, na hana haja ya kujificha. ‘Kachero’ naye, hasa katika magazeti yetu, amekaa upande wa polisi: makachero huvamia, hunasa, huzuilia. ‘Jasusi’ ndiye mwenye siri. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na mzizi wake hubeba maana ya kugusagusa kwa mkono ili kujua hali ya kitu, kama tabibu anavyopapasa mshipa wa mgonjwa. Ukilijua hilo, Smiley unamwona vizuri zaidi. Yeye hupapasa gizani.

Ila jasusi ana kasoro moja masikioni mwetu. Kwa wengi, jasusi ni mtu wa adui. Wetu tunamwita ‘afisa wa usalama’. Watanzania mtaani wana ‘shushushu’, neno ambalo hata kulitamka ni kama kunong'ona. Huku Kenya vyombo vya habari vimelitakasa jasusi kidogo, tunasema ‘majasusi wetu’ bila kusita, lakini muulize nyanya yako kama angependa mjukuu wake aitwe hivyo.

Kizungumkuti halisi kimo katika kitabu cha kwanza. Pale, Smiley aliyekwisha kufukuzwa kazini anaitwa kwa siri amtafute mtu mmoja ndani ya idara yao, aliyepandwa na Warusi miaka mingi nyuma, akapanda ngazi hadi juu huku akipeleka kila kitu Moscow. Waingereza wanamwita kwa jina la mnyama anayechimba chini ya ardhi. Nimesoma tafsiri za habari zinazomwita mtu wa aina hii ‘wakala maradufu’. Jamani! Wakala kwetu ni yule wa M-Pesa. Na tena mtu huyu hatumikii pande mbili. Anatumikia upande mmoja tu, ule usiomlipa mshahara. Wa pande mbili tunaye tayari, ‘ndumakuwili’, yule nyoka anayedhaniwa ana vichwa viwili. Huyu mwingine ni fuko.

Aliyelima viazi vitamu au mihogo anamjua fuko. Juu, shamba linapendeza, majani ni ya kijani kibichi. Siku moja unaushika mche, unakuja wote mkononi bila mzizi. Wakikuyu humwita huko, jina lile lile kwa sauti yao, na kwetu kijijini kumtega ilikuwa kazi ya wazee wenye subira: kijiti kilichopindwa, uzi, na kungoja. Mwandishi asingeweza kupata tashbihi bora zaidi ya Smiley.

Mwanafunzi wangu mmoja alinipinga. Akasema ‘fuko’ ni mfuko mkubwa, msomaji atachanganyikiwa. Nikamwambia ngeli zitamwokoa. ‘Fuko limepatikana’ ni mzigo. ‘Fuko amepatikana’ ni mnyama au, sasa, msaliti. Upatanisho wa kisarufi hufanya kazi hiyo bure. Lakini pingamizi lake lilinikumbusha jambo lingine. Wakati wa Hali ya Hatari, hasa katika msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, walioletwa kuwatambulisha watu wa Mau Mau walivishwa magunia kichwani, matundu mawili ya macho yakiachwa. Watu wakawaita gakunia, kigunia. Alitikisa kichwa tu, na ukachukuliwa. Kwa hiyo mfuko na msaliti si wageni katika lugha za nchi hii.

Fuko wa le Carré ni Bill Haydon. Ni mcheshi, mchoraji, mtu ambaye vijana wa ofisini wanatamani kufanana naye, na rafiki wa Smiley. Ametembea na mke wa Smiley pia, na hata hilo alielekezwa kutoka Moscow na mkuu wake, Karla, ili siku Smiley atakapomshuku aonekane ni wivu tu. Anaponaswa, kinachoumiza si mshangao. Smiley anatambua kwamba wote walikuwa wanajua, kwa namna fulani, tangu zamani. Walijua wakakataa kujua.

Hapo nilikiweka kitabu chini kwa siku mbili.

Mwaka wa 1986 nilikuwa mwanafunzi katika chuo kimoja hapa nchini. Ndiyo miaka ya msako wa Mwakenya, na ukipatikana na karatasi isiyofaa umekwisha. Niliishi chumba kimoja na jamaa mcheshi, mkarimu, aliyenikopesha pesa bila kuzidai. Alipenda kuuliza nani kasema nini kwenye mkutano gani. Alfajiri moja rafiki yetu wa chumba cha tatu alichukuliwa. Alirudi baada ya miaka miwili akiwa na mvi, na alipoketi aliegemea ukuta.

Hatukuwa na neno la yule jamaa. Hakuwa jasusi, nani angemfunza? Hakuwa kachero. Tulisema tu, ‘ni wao’. Nimefundisha viwakilishi miaka thelathini, na sijapata kuona kingine kilichobeba mzigo kama huo bila nomino yoyote nyuma yake. ‘Wao’ nani? Hakuna aliyeuliza. Na mimi niliendelea kulala chumba hicho, nikinywa chai yake, hadi mwisho wa muhula.

Kitabu cha tatu kinaishia Berlin. Smiley amegundua kwamba Karla ana binti mgonjwa aliyemficha kwenye zahanati Uswisi, naye anamtumia binti huyo kumlazimisha baba avuke upande wa pili. Karla anavuka daraja usiku, peke yake. Anadondosha chini kiberiti cha kuwashia sigara alichokuwa amekichukua kwa Smiley miaka mingi nyuma, gerezani Delhi. Zawadi aliyopewa Smiley na mkewe. Smiley anakitazama kikiwa chini pale na hakiokoti. Msaidizi wake anamwambia ameshinda, naye hana hakika.

Mwaka jana nilikutana na yule jamaa mazishini. Amezeeka, anatembelea mkongojo. Alinishika mkono akaniita ‘ndugu yangu’, akauliza habari za yule rafiki yetu wa chumba cha tatu. Nilimjibu kwamba hajambo, ana wajukuu. Akasema, ‘Nisalimie sana.’

Salamu hizo bado sijazifikisha.