Afya ya Mwanamke Baada ya Kliniki ya Watoto

Katika miaka ya uzazi, mwanamke hupimwa shinikizo la damu pasipo kuomba. Ujauzito humpeleka kliniki, na mtoto mchanga humrudisha huko mwezi baada ya mwezi. Mtoto wa mwisho akimaliza kadi yake, safari hizo hukatika. Wengi huvuka miaka 40 na kuingia 50 bila kupimwa lolote, ilhali huo ndio umri ambao maradhi yasiyo na maumivu huanza kujijenga.

Hedhi kwa kawaida hukoma kati ya umri wa miaka 45 na 55. Ukomo huhesabiwa baada ya miezi 12 mfululizo kupita bila hedhi. Kabla ya hapo mimba bado yaweza kuingia, hata kwa mwenye wajukuu. Joto la ghafla kifuani na usoni, jasho la usiku na usingizi wa kukatikakatika hutokana na kupungua kwa homoni. Si ugonjwa, wala si kurogwa. Hatari ni kwamba kila jambo hubebeshwa jina la umri.

Damu itokayo baada ya miezi hiyo 12, hata ikiwa tone, si hedhi iliyorudi. Mara nyingi chanzo chake hutibika kwa urahisi, lakini yaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi, na hakuna awezaye kutofautisha akiwa nyumbani. Mwenye kuiona aende kituo cha afya bila kungoja mavuno wala fedha za mgawo.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania. Uchunguzi wake hulenga wenye umri wa miaka 30 hadi 50, na wanaoishi na VVU huanza mapema zaidi. Mtoa huduma hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi na kutazama; sehemu iliyobadilika huwa nyeupe. Jibu hutolewa papo hapo.

Kuhusu shinikizo la damu, vikundi vya kuweka na kukopa vina nafasi ambayo zahanati haina: wanachama wale wale hukutana kila wiki. Mashine ya kupimia yaweza kununuliwa kwa mfuko wa jamii wa kikundi. Anayepimwa aketi kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikijirudia siku tofauti, ni cha kupelekwa kwa mganga. Namba hiyo ni siri ya mwenyewe. Haisomwi mbele ya wanachama kama hisa zinavyosomwa.

Kikundi hupima, hakitibu. Kugawiana vidonge vya presha, kwa nia njema iliyozoeleka baina ya majirani, kumewadhuru wengi, kwa kuwa dawa inayomfaa mmoja yaweza kumwangusha mwingine mwenye maradhi ya figo au kisukari.

Kikundi kinachotaka kuanza kimwombe mganga mfawidhi wa zahanati ya karibu awafundishe wanachama wawili kutumia mashine, na kikubaliane naye mapema siku ya kuwapokea watakaokutwa na namba za juu.