Tusifunze historia isiyochimbuliwa

Swali la nani aliyejenga miji ya kale ya Pwani ya Kenya limeulizwa darasani kwa miaka mingi, na aghalabu limejibiwa kabla ya kuchunguzwa. Wako waliofunzwa kuwa wageni walishuka majahazini wakajenga misikiti na majumba ya mawe, huku wenyeji wakitazama tu. Wako pia waliofunzwa kwamba mgeni hakuchangia lolote. Majibu yote mawili yamepingwa na shahidi asiye na upendeleo, nao ni udongo.

Jibu la kwanza lina chanzo chake. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu ya Gedi mwaka 1948, alichapisha mwaka 1954 kitabu ambacho jina lake liliutaja mji huo kuwa wa Waarabu. Neville Chittick naye, aliyechimbua Manda kuanzia 1966, alishikilia kwamba mji huo uliasisiwa na wahamiaji kutoka Ghuba ya Uajemi. Wataalamu hao hawakuwa waongo. Waliona kuta za mawe na vigae vya vyombo vya ng'ambo, wakahukumu kwa yaliyokuwa mbele yao.

Kati ya 1980 na 1988, Mark Horton alichimbua Shanga, katika kisiwa cha Pate, akateremka hadi tabaka za chini kabisa. Huko hakukuta mji wa mawe, bali kijiji cha karne ya 8 chenye nyumba za miti na udongo, na vyungu vya kienyeji vya aina inayopatikana pia bara. Chini ya msikiti wa mawe wa Ijumaa kulikuwa na mabaki ya misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na ya mwanzo ilikuwa vijumba vidogo vya miti. Mawe yalikuja baadaye. Ni dhahiri basi kwamba mji ulikua pale pale, kizazi baada ya kizazi. Haukuletwa ukiwa tayari.

Je, wazee waliosimulia habari za mababu Washirazi walikuwa wakijitungia hadithi? La hasha! Mwaka 2023, wanasayansi, akiwemo Mkenya Chapurukha Kusimba, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa chembe za urithi kutoka kwa mifupa ya watu 80 wa kale, wakiwemo waliozikwa Mtwapa na Manda. Kwa upande wa akina mama, nasaba yao ilikuwa karibu yote ya Kiafrika. Kwa upande wa akina baba, wengi walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000, yaani zaidi ya karne mbili baada ya Shanga kuanzishwa. Mgeni, kwa hiyo, alikuja kweli, akaoa. Lakini alikuta watu, na watoto wake wakazungumza lugha ya mama zao, Kiswahili, ambacho ni lugha ya Kibantu.

Hata hivyo, tusiruke kutoka kosa moja hadi jingine. Wengi wa waliochunguzwa walizikwa karibu na misikiti, na yamkini walikuwa watu wa tabaka la juu. Mifupa hiyo haiwezi kumsemea kila mvuvi na kila mkulima wa zama hizo. Wala haifai kutumiwa leo kumwambia jirani kuwa si mwenyeji.

Hapa ndipo kazi ya mwalimu inapoanza. Badala ya kumkaririsha mwanafunzi jina la mjenzi, amwulize: tunajuaje? Gedi, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ni darasa tosha la swali hilo. Na mwanafunzi anayezuru magofu aelewe kwamba kigae kikishaondolewa katika tabaka lake hakisemi tena kilikuwa cha zama gani. Anayekiokota kama kumbukumbu, sawa na anayebomoa ukuta wa kale apate mawe ya kujengea, anararua ukurasa ambao hauna nakala nyingine.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Asili hiyo haitajulikana kwa kubishana vibarazani. Itajulikana kwa kuchimbua kwa subira, na kwa kulikubali jibu litakalopatikana, hata lisipotupendeza.