Unaogopa Nusu Kaputi? Sema!

Hebu tuseme wewe una miaka 22. Una selimundu, ule ugonjwa ambao mtaani wengi huuita sikoseli. Mwaka mzima sasa nyonga inakuuma. Unachechemea. Kupanda daladala ni kazi, kukaa darasani ni kazi, na usiku ukigeuka tu kitandani unaamka. Umepigwa eksirei na daktari amekueleza wazi: kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu, kimebonyea, na vidonge vya maumivu havitakirudisha. Kinachotakiwa ni kubadilisha nyonga.

Umeitikia, "Sawa, daktari." Lakini moyoni unawaza jambo moja tu: nusu kaputi. Na kadiri tarehe inavyokaribia, unatafuta sababu ya kutokwenda.

Kama ni wewe, au ni dada yako, au ni rafiki yako, basi soma. Hofu yako siyo ujinga. Ila hofu ukiifungia kifuani haikusaidii kitu. Ukiisema, inamsaidia daktari kukuandalia usingizi salama zaidi.

Mbona kijana abadilishwe nyonga?

Ni kweli kwamba wengi wanaobadilishwa nyonga na magoti duniani ni wazee ambao maungo yao yamesagika. Lakini Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi sana huzaliwa na selimundu. Katika ugonjwa huu chembe nyekundu za damu hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Mishipa inayolisha kichwa cha mfupa wa paja ni myembamba. Ikiziba, mfupa hufa, hata kama mwenye mfupa hajafika miaka 25.

Upasuaji huu si wa kujaribia watu. Daktari Mwingereza John Charnley aliufanikisha mwaka 1962 katika hospitali ya Wrightington, kwa kutumia kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki ngumu. Hapa Tanzania hufanyika pia, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1996.

Tusidanganyane lakini. Nyonga bandia haidumu milele. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa karibu nyonga 6 kati ya 10 zilikuwa bado zinafanya kazi baada ya miaka 25, na wengi katika hesabu hiyo walikuwa watu wazima wasio na selimundu. Wewe kijana huenda ukahitaji kurudia siku za mbele. Muulize daktari wako jambo hili kabla hujaweka sahihi.

Kuna njia mbili

Jina lenyewe "nusu kaputi" linatisha. Wengi wakilisikia hufikiria nusu kifo. Maana yake ni kulazwa usingizi mzito kwa dawa inayopitia kwenye mshipa au inayovutwa kwa pumzi. Unapolala, mtaalamu wa usingizi hakuachi. Anakaa kichwani pako tangu mwanzo hadi mwisho, anaangalia mapigo ya moyo, presha, pumzi na hewa ya oksijeni iliyomo katika damu.

Njia ya pili ni ganzi ya mgongo. Unachomwa sindano nyembamba chini ya kiuno, na kuanzia hapo hadi miguuni husikii maumivu kwa saa mbili hadi nne hivi. Akili inabaki macho, ila unaweza kupewa dawa ya kukusinzisha kidogo. Upasuaji wa nyonga hufanyika kwa njia yoyote kati ya hizi, au kwa kuzichanganya. Ukichagua ganzi, jiandae: utasikia sauti za nyundo na msumeno. Kama hilo linakutisha, sema mapema.

Wanayosema mtaani

"Ukilazwa huamki." Je, wapo waliofariki? Ndiyo, wapo, na daktari mkweli hatakuficha. Lakini mtu akiandaliwa vizuri na kuangaliwa na mtaalamu mwenye vifaa, vifo vinavyoletwa na dawa ya usingizi yenyewe ni nadra. Kinachoongeza hatari ni kufika thieta damu ikiwa chini, ukiwa na homa, au ukiwa umeficha jambo.

"Nitaamka katikati, nisikie kisu." Hutokea, lakini kwa nadra. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotolewa mwaka 2014 ulipata taarifa moja ya namna hiyo kwa kila wagonjwa 19,000 hivi waliolazwa usingizi.

"Sindano ya mgongo inaua nguvu za kiume." La hasha. Ganzi inafika sehemu za siri pia, kwa hiyo kwa saa chache hutasikia kitu huko. Ikiisha, hali hurudi kama kawaida. Madhara ya kudumu ya mishipa ya fahamu yapo, lakini ni nadra sana.

"Sindano hiyo itanipa mgongo wa maisha." Pale ilipopita panaweza kuuma siku chache. Lakini mtu aliyelala bila kugeuka muda mrefu mgongo humuuma hata asipochomwa sindano.

"Nusu kaputi inapunguza akili." Kijana hupata bumbuwazi la saa kadhaa, pengine siku moja au mbili, kisha linaisha. Kuchanganyikiwa kwa siku nyingi huwapata zaidi wazee.

"Nitaropoka siri zangu." Wapo wanaosema maneno mawili matatu wakati wa kuzinduka, mengi hayaeleweki. Manesi wameyasikia mengi, na kazi yao inawataka watunze siri.

Yanayoweza kukupata, na la kufanya

Kichefuchefu na kutapika. Huwapata watu wapatao mmoja kati ya watatu baada ya upasuaji. Wasichana huathirika zaidi, na vilevile wale wanaotapika wakisafiri kwa basi. Kama wewe ni mmoja wao, sema kabla, upewe dawa ya kuzuia. Na kama umechomwa ganzi ukahisi kichefuchefu cha ghafla ukiwa mezani, sema papo hapo. Huenda presha imeshuka, nayo hurekebishwa kwa dripu na dawa.

Kutetemeka. Thieta ni baridi na dawa hupunguza joto la mwili. Omba blanketi. Usione haya.

Koo kukauka na sauti kukwaruza. Huletwa na mpira wa kupumulia uliowekwa kooni ulipokuwa umelala. Huisha kwa siku moja au mbili.

Kichwa kuuma baada ya ganzi ya mgongo. Huanza siku ya kwanza hadi ya tatu. Ukikaa au kusimama kinapasuka, ukilala kinapoa. Sababu ni maji ya uti wa mgongo kuvuja kidogo kupitia tundu la sindano. Daktari August Bier wa Ujerumani, aliyeanzisha ganzi hii mwaka 1898, alijitolea achomwe yeye mwenyewe. Maji yakavuja, akaumwa kichwa siku tisa! Sindano za leo ni nyembamba zaidi, kwa hiyo tatizo limepungua sana, ingawa vijana hulipata kuliko wazee. Lala, kunywa maji, meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa. Kisipopoa, mwambie daktari. Upo utaratibu wa kuchukua damu yako kidogo na kuichoma karibu na tundu hilo ili kuliziba.

Mkojo kugoma. Ganzi na dawa kali za maumivu huzubaisha kibofu. Wengine huwekewa mpira wa mkojo kwa muda. Si aibu.

Kuwashwa na choo kigumu. Huletwa na dawa kama mofini. Wengi huogopa kwamba mofini itawafanya mateja. Ikitolewa hospitali kwa kipimo, kwa maumivu ya siku chache, hatari hiyo ni ndogo. Maumivu yasiyotibiwa ndiyo yatakufanya ushindwe kupumua vizuri na kufanya mazoezi.

Kizunguzungu. Mara ya kwanza unaposhuka kitandani usijifanye shujaa. Kaa kwanza, miguu ikining'inia, kisha simama na magongo ukiwa umeshikwa. Ukianguka siku hiyo, nyonga mpya inaweza kuchomoka.

Mwenye selimundu ana lake

Baridi, kiu, kukosa hewa ya kutosha na maumivu ndivyo vinavyofanya chembe za damu zipinde. Na hayo yote yanaweza kukupata siku moja ya upasuaji! Ndiyo maana wewe unaandaliwa kuliko mwingine. Huenda ukaongezwa damu kabla. Utawekewa dripu, utafunikwa, utapewa oksijeni.

Kwa kawaida mgonjwa haruhusiwi chakula saa sita kabla ya kulazwa, lakini maji meupe wengi huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Fuata ulichoelekezwa, na uliza, "Maji ninywe mpaka saa ngapi?" Zamu yako ikisogezwa mbele, usikae na kiu kimyakimya. Mkumbushe nesi kwamba una selimundu, umuulize kuhusu dripu.

Baada ya upasuaji, vuta pumzi ndefu mara kumi kila saa unapokuwa macho, hata kama inachosha. Mapafu yasiyofunguka vizuri ni hatari kubwa kwako.

Usimfiche mtu wa usingizi

Kabla ya siku yenyewe atakuja kukuhoji. Hapo ndipo penye kazi yako. Mwambie:

- kama wewe au ndugu wa damu mliwahi kupata shida mlipolazwa usingizi;
- dawa zote unazotumia, pamoja na haidroksiyurea, za pumu, na zile za kupanga uzazi;
- miti shamba. Ndiyo, hata ile ya bibi. Baadhi huongeza kutoka damu;
- sigara, pombe, bangi, mirungi. Yeye si polisi. Vitu hivi hubadilisha kipimo cha dawa na mwendo wa moyo;
- kama kuna uwezekano una mimba;
- jino linalocheza, na dawa au chakula kinachokudhuru;
- kama umekula. Kweli tupu! Chakula kikipanda na kuingia mapafuni ukiwa usingizini, kinaweza kuua.

Kama kuna jambo hutaki mama au mjomba alisikie, omba mzungumze wawili tu. Ondoa rangi ya kucha na usipake hina au piko vidoleni siku hizo. Kile kifaa kinachobana kidole kama kibanio cha nguo husoma oksijeni kwa mwanga, na rangi inaweza kukisumbua.

Kama umetimiza miaka 18, sahihi ya kukubali ni yako. Kama hujafika, mzazi au mlezi ndiye anayeweka, lakini bado una haki ya kuelezwa na kuuliza.

Piga kelele!

Yafuatayo usiyasubirishe hadi kesho, uwe wodini au nyumbani:

- kifua kuuma, kukohoa au kuhema kwa shida;
- homa;
- ndama ya mguu kuvimba na kuuma;
- mguu kutorudi na hisia baada ya muda ulioambiwa, au ganzi iliyoisha kurudi tena;
- kichwa kuuma pamoja na shingo kukakamaa;
- kushindwa kukojoa;
- maumivu ya ghafla ya nyonga na mguu kuonekana mfupi.

Ndugu wanaokuuguza nao wajue orodha hii.

Hofu bado ipo?

Inawezekana, hata baada ya kusoma yote haya. Basi mwambie mtaalamu wa usingizi hivihivi: "Naogopa." Zipo dawa za kutuliza kabla ya kuingia thieta. Unaweza kuomba uelezwe kila kinachofanyika, au kinyume chake, usielezwe kitu. Unaweza kuomba kuzungumza na mtu aliyekwisha kubadilishwa nyonga. Na unaweza kuomba siku chache za kufikiri, kwa sababu upasuaji huu mara nyingi si wa dharura. Ila ukiahirisha, ahirisha kwa kuzungumza na daktari. Ukipotea tu kliniki, mguu wako unazidi kufupika na misuli inazidi kunyauka, na siku utakayorudi kazi itakuwa ngumu zaidi kwako na kwake.

Chukua daftari. Nakili maswali haya, uende nayo kliniki:

1. Mimi nitalazwa usingizi au nitachomwa ganzi? Kwa nini?
2. Nani atakaa nami muda wote, na ana vifaa gani vya kuniangalia?
3. Damu yangu ni kiasi gani? Nitaongezwa?
4. Nile na kunywa mpaka saa ngapi?
5. Maumivu yatatulizwa vipi usiku wa kwanza?
6. Nikipata shida saa nane ya usiku, nimwite nani?

Acha nafasi chini ya kila swali, uandike jibu palepale ukiwa mbele ya daktari. Usipoelewa jibu, uliza tena.