Jua la Marikiti na Kamera ya Mgeni

Kwa kamera, mlango wa soko la Marikiti, Mombasa, ni mahali pagumu. Saa sita mchana jua la nje linapiga wima. Linammulika hamali na mkokoteni wake, linang'arisha mabati, na kila mpita njia linamwachia kivuli kidogo kama sahani chini ya miguu. Ingia hatua tatu ndani ya jumba lile, ambalo Waingereza waliliita Mackinnon Market, na utamkuta muuza viungo amekaa nyuma ya magunia ya iliki na mdalasini, kiza chepesi kimemfunika. Jicho la mwanadamu huvuka kizingiti hicho bila taabu, kwani kwa muda mfupi tu huwa limeshazoea. Kamera haizoei, sharti mtu aiamulie. Akitaka uso wa muuza viungo uonekane, barabara iliyo nyuma yake itaungua iwe nyeupe tupu. Akitaka barabara ibaki na rangi zake, muuza viungo atageuka doa jeusi linalosema bei.

Katika filamu, mtu anayeiamulia kamera ni mpiga picha mkuu. Wengi humdhania kuwa ndiye anayeibeba kamera begani, na hapo wanamkosea, maana mara nyingi kamera hushikwa na mwingine. Kazi yake yeye ni kuamua lenzi gani ifungwe, taa ikae wapi, turubai lifunikwe upande upi, tukio lipigwe saa ngapi, na juu ya yote, kipi kionekane na kipi kipotelee gizani. Mwongozaji husema anachotaka kisimuliwe, na mpiga picha mkuu huamua kitakavyoonekana. Kwa kuwa kazi hii haihitaji lugha nyingi, watu wake husafiri sana. Pwani yetu imewapokea wengi kutoka nje, na kila wanapokuja huzuka ubishi ule ule: je, mgeni anaweza kweli kutupiga picha? Jibu langu ni kwamba anaweza, kwa sharti moja. Ufundi wa kamera anaweza kuja nao kutoka kwao, lakini mwanga wa hapa lazima ajifunze hapa, na wa kumfundisha ni mtu wa hapa aliyesimama karibu na kamera.

Tuanze na Warusi, kwa sababu ndio waliolifanya jambo hili somo la darasani mapema kuliko wengine. Chuo cha filamu cha Moscow, VGIK, kilianzishwa mwaka 1919, na hakuna chuo cha sinema duniani kilichokitangulia kwa umri. Huko mtu husomea upigaji picha kwa miaka, kama daktari anavyosomea tiba. Mmoja wa waliopita hapo, Roman Vasyanov, alikwenda Hollywood akapiga filamu ya vita ya Fury mwaka 2014. Mikhail Krichman alijulikana kupitia The Return, filamu ya mwongozaji Andrey Zvyagintsev iliyotwaa Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 2003, na baadaye akaitwa na Liv Ullmann wa Norway kupiga Miss Julie. Hakuna anayeuliza Mrusi ana haki gani ya kuipiga tamthilia hiyo ya Mswidi katika kasri la Ireland. Ila mwanga wa Krichman, ule wa kijivu unaolala chini na kuingia dirishani kwa ubavu, hauko mbali na mwanga wa Ireland. Hakulazimika kujifunza jua jipya.

Sergei Urusevsky alilazimika. Huyu ndiye aliyepiga The Cranes Are Flying, filamu ya Mikhail Kalatozov iliyoshinda Palme d'Or huko Cannes mwaka 1958. Miaka ya 1960 wawili hao walipelekwa Cuba kutengeneza Soy Cuba, filamu ya kuyasifu mapinduzi ya kisiwa kile, iliyotoka mwaka 1964. Ndani yake mna mazishi yanayosimuliwa na wapiga picha hadi leo. Kamera inaanzia chini pamoja na waombolezaji, inapanda ghorofa hadi ghorofa, inapita katikati ya wafanyakazi wanaosokota sigara, kisha inatoka dirishani na kuelea juu ya barabara kama tiara, bila kukatwa hata mara moja. Kamba na mikono ya watu ndivyo vilivyoibeba. Kwa ufundi mtupu, sijui nani amempita mpaka sasa.

Lakini itazame minazi ya filamu ile. Kwa baadhi ya picha Urusevsky alitumia filamu inayonasa miale ya infraredi, ambayo jicho halioni. Majani mabichi huirudisha miale hiyo kwa wingi, kwa hiyo minazi na miwa ilitoka nyeupe kama imenyeshewa theluji, na mbingu ikawa nyeusi. Ni picha nzuri ajabu, tena ni picha za mtu ambaye miti yake ya kawaida ni ile inayovaa theluji. Wacuba walipoitazama filamu hawakujiona, na Moscow nako haikupendwa. Ikawekwa kabatini miaka thelathini, hadi Martin Scorsese na Francis Ford Coppola walipoipa majina yao ili ioneshwe upya Marekani katika miaka ya 1990. Leo inafundishwa vyuoni. Inafundisha mwendo wa kamera, na ningependa ifundishe pia jinsi fundi hodari anavyoweza kukaa miezi mingi kwenye kisiwa cha watu na bado akaupiga mwanga wa nyumbani kwake.

Pengine utasema mwanga ni mwanga, jua ni moja. Jua ni moja, ila mahali linaposimama si pamoja. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Karibu na tarehe 10 Machi, na tena mwanzoni mwa Oktoba, adhuhuri ya hapa jua huwa utosini kabisa. Macho ya mtu huzama katika mashimo ya kivuli cha paji la uso, na pua hudondosha kivuli chake mdomoni. Jioni nayo haingoji. Karibu na ikweta jua hushuka takriban nyuzi 15 kwa saa, wakati Moscow, hata mwezi wa Machi ambapo usiku na mchana vinalingana, hushuka kama nyuzi 8 na nusu tu, na wakati wa kiangazi huenda polepole zaidi. Mpiga picha aliyelelewa Moscow anaijua jioni ndefu, ya dhahabu, inayomruhusu kurudia tukio mara tano. Akiipanga ratiba yake hivyo kwenye ufuko wa Bandari ya Kale, atakuwa amerudia mara mbili wakati muadhini wa magharibi anamwambia kazi imekwisha.

Ndani ya Mji wa Kale hesabu hubadilika tena. Vichochoro vya Kibokoni ni vyembamba, na kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa hupokezana mwanga kutoka ukuta hadi ukuta mpaka ukafika barazani umepoa na kulainika. Uso wa mzee aliyekaa barazani saa nne asubuhi hauhitaji taa. Mwenyeji wa kichochoro anajua upande upi hupata mwanga huo na kwa muda gani, maana ndiyo hesabu anayoitumia kuhamisha kiti chake. Mgeni asiyeuliza ataleta jenereta.

Kisha kuna ngozi. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zikajulikana kama kadi za Shirley. Filamu yenyewe ilitengenezwa ili ngozi ile itoke vizuri. Utafiti wa Lorna Roth wa Canada ulionesha kuwa msukumo uliosaidia kuibadilisha ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia zilikuwa zinatoka bila sura. Nyuso za watu zilikuwa hazitoshi kuwa sababu. Sasa mweke mama wa Mombasa, mweusi wa rangi, ndani ya buibui jeusi, mbele ya ukuta wa chokaa uliopigwa na jua. Kipimo cha mwanga kikielekezwa ukutani kitaamuru lenzi ifungwe, na mama atazama. Kikielekezwa kwenye buibui kitaamuru lenzi ifunguliwe, na ukuta utapasuka kwa weupe. Kipimo hakimjui mama. Anayemjua ndiye ajue pa kukielekeza.

Hapo vijana wa kamera za kidijitali watanikatiza. Kamera za leo, watasema, hunasa stopu 14 za mwanga, na kila stopu moja ni mwanga maradufu. Kama ndani ya Marikiti kuna upungufu wa stopu 6, yaani mwanga mara 64 chini ya ule wa nje, bado kamera inavibeba vyote viwili, na kilichobaki kitarekebishwa kwenye kompyuta. Hoja hii ina nguvu na siikatai nzima, kwani kweli mashine imesamehe makosa mengi. Ila kunasa si kuonesha. Skrini ya simu au ya sebuleni haiwezi kuzionesha tofauti hizo zote kwa mpigo, kwa hiyo uchaguzi uliokwepwa mlangoni mwa Marikiti unarudi baadaye mbele ya kompyuta, pengine Berlin au Johannesburg, mikononi mwa mtu ambaye hajawahi kumwona muuza viungo. Tena kompyuta haiwezi kulihamisha jua. Kivuli kilichoanguka machoni saa sita hakitoki kwa kubonyeza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba mgeni huona kile ambacho mwenyeji amekizoea hata hakioni tena. Ni kweli, na ushahidi uko kwenye pwani yetu wenyewe. Paradise: Love ya Ulrich Seidl, iliyoshindania tuzo Cannes mwaka 2012, ilipigwa na Wolfgang Thaler wa Austria na Ed Lachman wa Marekani. Kuna picha moja humo isiyosogea hata kidogo: watalii weupe wamejilaza kwenye vitanda vya ufukoni kwa mstari ulionyooka, mbele yao kamba, na ng'ambo ya kamba vijana wa ufukoni wamesimama kimya wakingoja. Kila mtu wa Pwani amewahi kuiona kamba ile, na hakuna aliyekuwa ameipiga namna hiyo. Waliiacha adhuhuri ibaki kali na tambarare kama ilivyo, na ukali huo ndio unaosema. Hao ni wageni waliolisoma jua la hapa. Mfano wa upande wa pili ni Africa Addio ya mwaka 1966, ambapo Waitaliano waliipiga Zanzibar ya mapinduzi ya Januari 1964 kutoka angani. Picha zile zimebaki ushahidi mzito wa mauaji, ila hakuna uso hata mmoja unaotambulika. Waliopigwa ni watu wa mji wenye majina na mitaa, na kwenye filamu ni nukta zinazokimbia.

Kwa hiyo uraia wa mpiga picha hausemi mengi. James Laxton, Mmarekani mweupe, aliupiga weusi wa ngozi katika Moonlight ya mwaka 2016 kwa namna iliyowashangaza wengi, na sehemu ya siri yake ilikuwa mafuta yaliyopakwa usoni ili ngozi ichukue mwanga na kuurudisha. Mama wa Pwani anayempaka mwanawe mafuta kabla ya picha ya Idi hakuhitaji kuambiwa. Elimu ipo na inafundishika. Swali ni nani anaruhusiwa kusimama karibu na kipimo cha mwanga wakati wenzake wanabeba masanduku.

Hapa Kenya jibu limeshaonekana Nairobi. Mradi wa One Fine Day Films, ulioanzishwa na Mjerumani Tom Tykwer na Marie Steinmann, ulianza na mpiga picha mkuu kutoka Ujerumani: Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ilipigwa na Christian Almesberger. Pamoja na filamu kulikuwa na warsha, ambamo vijana wa hapa walijifunza kila idara, kamera ikiwamo. Ilipofika Kati Kati mwaka 2016 picha zilikuwa mikononi mwa Andrew Mungai, na Supa Modo ya mwaka 2018 ilipigwa na Enos Olik. Ni miaka sita. Sioni sababu Mombasa ishindwe, wakati ndiyo yenye mwanga mgumu zaidi wa kufundishia.

Wapo wanaohofu kwamba tukiweka masharti, fedha za filamu zitakimbilia kwingine. Zimekwishakimbia bila masharti yoyote. Captain Phillips ya mwaka 2013 inasimulia meli ya Maersk Alabama iliyotekwa mwaka 2009 ikielekea Mombasa, na bahari inayoonekana mle ni ya Malta. Watayarishaji huenda penye mafundi, vifaa na unafuu. Wageni wanaokuja huku tayari hupitia wakala wa hapa kutafuta kibali, na wakala huyo anaweza kuandika mstari mmoja zaidi kwenye mkataba: kijana mmoja wa Mombasa katika idara ya kamera, alipwe, asibebeshwe chai.

Nawe msomaji, ukipata kuitazama Kati Kati au Supa Modo, usizime majina yanapoanza kupita mwishoni. Tafuta idara ya kamera, usome kuanzia jina la kwanza hadi la msaidizi wa mwisho, uhesabu wangapi ni wa hapa. Kisha fanya hivyo hivyo kwa filamu yoyote iliyopigwa Pwani.